Kurekodi viumbe wa maji baridi kwenye miamba ya kina na meli zilizozama: mjadala kwa wapigapicha wa Moshi na Arusha

LenziYaKibo (Moshi), mleta mada

Ndugu wanajukwaa, salaam.

Arusha imejaa watu wanaojua kurekodi wanyama. Wapo waliokaa Serengeti msimu mzima wakimsubiri chui ashuke mtini, na wapo mafundi wa kamera ambao wageni wa filamu huwatafuta kwa majina kila nyumbu wanapokaribia kuvuka mto. Lakini ukiuliza ni wangapi kati yetu wamewahi kuishughulikia kamera ya chini ya maji, tena maji ya baridi yenye kina kirefu, utahesabu kwa vidole vya mkono mmoja. Nimefungua uzi huu kwa sababu naamini ujuzi huo unatuhusu, ila kwanza nieleze kazi yenyewe ilivyo, maana wengi huidhania kuwa ni ile ile ya maji ya vuguvugu ya Mafia na Mnemba, tofauti yake ni nguo nzito tu.

Nilifanya kazi ya msaidizi wa mpigapicha kwenye boti ya wazamiaji huko Orkney, visiwa vilivyo kaskazini mwa Uskoti, na mengi ninayoandika hapa niliyaona nikiwa sitahani na kwenye meza ya kuandalia kamera. Hoja yangu ni hii: katika maji ya baridi na ya kina, kitu adimu kuliko vyote ni dakika. Baridi huzila, hewa ya mtungini huzila, betri huzila, na safari ya kurudi juu polepole huzila zaidi. Kwa hiyo filamu ya kina huamuliwa nchi kavu kabla mtu hajalowa, na pale ambapo kamera inaweza kushuka peke yake ikafanya kazi vizuri, ni afadhali binadamu abaki juu.

Tuanze na mwanga, kwa kuwa ndio wenye mambo mengi. Maji hunyonya rangi moja baada ya nyingine. Nyekundu ndiyo hutangulia, na ndani ya mita 10 za kwanza huwa imefifia kiasi kwamba damu ya mzamiaji aliyejikata huonekana ya kijani iliyofifia. Rangi ya machungwa hufuata, kisha njano, na ukifika mita 30 umebakiwa na buluu, au kijani katika bahari za kaskazini zenye planktoni nyingi, yaani vimelea na vijidudu vidogo mno vinavyoelea majini. Anemoni (mnyama wa baharini anayefanana na ua) wa rangi ya machungwa iliyokolea akipigwa picha bila taa kwenye kina hicho atatoka wa kijivu, na hakuna marekebisho ya kompyuta yatakayorudisha rangi ambayo haikufika kwenye lenzi. Taa ndiyo huirudisha, lakini mwanga wa taa nao hunyonywa, tena mara mbili: unapokwenda kwa kiumbe na unaporudi kwenye kamera. Kiumbe aliye umbali wa mita 3 ameonwa kupitia mita 6 za maji. Ndiyo maana wapigapicha wa huko hutumia lenzi pana sana na kumsogelea kiumbe hadi karibu kumgusa, kinyume kabisa na sisi tuliozoea lenzi ndefu ya kumtazama simba kutoka garini.

Tatizo la pili la mwanga ni chembe. Maji ya kaskazini yamejaa vijidudu na tope laini, na taa ikiwa karibu na lenzi huziwakia chembe zote zilizo katikati. Dereva aliyewahi kuwasha taa kubwa kwenye ukungu wa asubuhi akipanda ukingo wa Ngorongoro anaelewa ninachosema. Dawa yake ni kuziweka taa kwenye mikono mirefu, mbali kushoto na mbali kulia, kisha kuzigeuza kidogo nje, ili kiumbe amulikwe na ukingo tu wa mwanga huku maji yaliyo mbele ya lenzi yakibaki gizani. Ni jambo dogo kulieleza, lakini mpigapicha niliyemsaidia alikuwa akirekebisha pembe za taa zake kila anapobadili kiumbe, na ukilinganisha picha za kabla na za baada utadhani alihamia bahari nyingine.

Dereva wa Njiro (Arusha)

Mkuu LenziYaKibo, nakushukuru kwa uzi wenye maelezo ya kina. Nimewaendesha wageni wa filamu miaka mingi na ninajua kwamba hawaweki fedha mahali pasipo na kitu. Naomba unieleze: kwa nini mtu autese mwili wake kwenye maji ya nyuzi 8 wakati matumbawe ya Mafia yana rangi zote na maji yake ni ya vuguvugu? Huko baridini kuna nini zaidi ya chuma kilichooza?

LenziYaKibo

Kaka Dereva, swali lako linastahili jibu refu.

Maji ya baridi hubeba oksijeni nyingi kuliko maji ya vuguvugu, na dhoruba za majira ya baridi huyavuruga mpaka virutubisho vilivyolala chini vikapanda juu. Jua likirudi baada ya miezi ya giza, planktoni huzaana kwa wingi usiomithilika, na kila kiumbe anayeishi kwa kuchuja maji hushiba. Kwa hiyo uchafu ule ule unaomsumbua mpigapicha ndio riziki ya viumbe anaowafuata.

Tena, matumbawe yako pia baridini. Aina inayojulikana zaidi iliitwa kwa muda mrefu Lophelia pertusa, na siku hizi wanasayansi wameihamishia kwenye jenasi ya Desmophyllum. Tofauti na matumbawe ya Mafia, haina mwani ndani ya mwili wake, hivyo haihitaji jua. Hunasa chakula chake kwenye mkondo, gizani. Mwaka 2002 ulipatikana mwamba wa Røst, karibu na visiwa vya Lofoten nchini Norwei, wenye urefu unaozidi kilomita 30 na ulio kwenye kina cha mita 300 hadi 400. Huko mzamiaji hafiki, hushuka roboti na nyambizi ndogo. Lakini kwenye tuta la Tautra, ndani ya hori la Trondheim, matumbawe hayo hayo yamepanda hadi mita 39 kutoka juu, na kwa mpigapicha hiyo ni nafasi ambayo haipatikani kirahisi. Kazi ya kamera huko haikuishia kwenye urembo wa picha. Wanasayansi walipoonyesha video za matumbawe yaliyosagwa na nyavu za kukokota, Norwei iliweka sheria ya kuyalinda mwaka 1999.

Sasa chuma. Tarehe 21 Juni 1919 Admirali Ludwig von Reuter aliamuru meli za kivita za Kijerumani zilizokuwa zimezuiliwa kwenye ghuba ya Scapa Flow, huko huko Orkney, zizamishwe na mabaharia wake wenyewe ili zisigawanywe kwa washindi wa vita. Kati ya meli 74 zilizama 52. Nyingi ziliopolewa baadaye kwa ajili ya chuma chakavu, lakini saba kubwa zimebaki: manowari König, Kronprinz Wilhelm na Markgraf, pamoja na kruza (meli za kivita nyepesi zaidi) Brummer, Cöln, Dresden na Karlsruhe. Manowari zile tatu zimepinduka, matumbo juu, kwenye kina kinachofika mita 45 hivi, na kruza zimelala ubavu mahali penye kina kidogo zaidi.

Kwenye ghuba yenye sakafu ya mchanga na matope, meli iliyozama huwa ndiyo mahali pagumu pekee pa kushika. Ubavu wake uliosimama wima hupigwa na mkondo, na mkondo ndio mleta chakula. Kingo za juu zimefunikwa na anemoni weupe na wa machungwa walioshonana hadi rangi ya chuma haionekani, chini yao ni matumbawe laini meupe, viti vya pweza na nyota-manyoya, na ndani ya matundu ya mabati hujificha mikunga wakubwa na yule kamba wa Ulaya mwenye magando, ambaye wengi wetu tunamjua akiwa mwekundu sahanini lakini akiwa hai ni wa buluu iliyokoza. Mpigapicha akimulika tundu moja kwa subira anaweza kumkuta kamba huyo akisafisha vipapasio vyake, kimoja baada ya kingine, kwa kuvipitisha mdomoni. Picha ya namna hiyo haipatikani kwa kupita. Hupatikana kwa kurudi kwenye tundu lile lile.

Nayo historia imehifadhiwa vizuri zaidi baridini. Endurance, meli ya mpelelezi wa Antaktika Ernest Shackleton iliyozama mwaka 1915 katika Bahari ya Weddell, ilipatikana mwezi Machi 2022 kwenye kina cha mita 3,008. Minyoo inayotafuna mbao haiishi katika maji yale ya Antaktika, kwa hiyo mbao zake zimesimama imara, jina lake bado linasomeka nyuma, na kamera ilikuta anemoni wameota juu yake. Hakuna kilichoguswa wala kuchukuliwa, kwa kuwa meli hiyo inalindwa na Mkataba wa Antaktika.

Mzee wa Marangu (Kilimanjaro)

Vijana, nawasalimu. Mimi nimekuwa mwongoza wageni wa mlimani tangu zamani, na ninachokijua kuhusu kamera na baridi nimekiona kwenye kambi za Barafu na Kibo. Betri iliyojaa jioni hukutwa imekufa saa tano za usiku wageni wanapoamka kuelekea kileleni, na ndiyo maana tunawaambia walale nazo ndani ya mfuko wa kulalia. Kioo cha lenzi nacho hupata ukungu mtu akiingia kibandani. Je, huko chini ya maji wanafanyaje, ikiwa kamera imefungiwa ndani ya kasha na haiwezi kufutwa?

LenziYaKibo

Shikamoo Mzee. Umetaja mambo mawili ambayo huharibu filamu nyingi za maji baridi kuliko hata papa au mkondo.

Betri za huko huzimika kwa sababu ile ile ya mlimani: mwendo wa kikemia ndani yake hupungua kasi kadiri baridi inavyozidi. Kwa hiyo muda wa taa unaotangazwa dukani haufuatwi. Taa hujaribiwa kwanza ndani ya ndoo ya maji yenye barafu, na muda utakaopatikana humo ndio unaopangiwa kazi.

Ukungu una hila zaidi. Hewa yenye joto na unyevu ikifungiwa ndani ya kasha, kisha kasha likatumbukizwa kwenye maji ya nyuzi 8, unyevu hugeuka matone kwenye sehemu inayopoa haraka, na mara nyingi sehemu hiyo ni kioo cha mbele. Mpigapicha niliyemsaidia hakukubali kamera ifungwe kwenye chumba cha kulia cha boti, penye birika na mvuke wa chakula. Tulifungia stoo, isiyo na hita, tukiwa tumevaa makoti. Kila oringi, yaani pete ya mpira ya kuzuia maji, ilivuliwa na kupitishwa kati ya vidole viwili bila glavu, kwa sababu kidole huhisi unywele au chembe ya mchanga ambayo jicho halijaiona. Ilipakwa grisi kidogo sana, ya kung'arisha tu, ikarudishwa kwenye mfereji wake bila kuvutwa. Pakiti za kunyonya unyevu ziliwekwa pembeni mwa kamera, kasha likafungwa, kisha pampu ndogo ya mkono ikanyonya sehemu ya hewa iliyomo. Taa ndogo ya kijani ikiwaka, kasha liliachwa mezani kwa muda; kama kuna mahali hewa inapenya, taa hubadilika kuwa nyekundu kamera ikiwa bado kavu.

Niongeze kuhusu vidole. Ndani ya glavu nene, katika maji yale, mtu hawezi kubonyeza kitufe kidogo wala kupekua menyu. Mipangilio yote huwekwa juu, na chini hubaki mambo matatu tu: kuwasha kurekodi, kurekebisha mwanga na kurekebisha fokasi. Asiyeweza kuamua juu atapoteza dakika chini. Kuhusu kioo, bapa hukuza picha kwa theluthi moja hivi na kubana upana wake, wakati kioo cha kuba huirudishia lenzi pana upana wake. Kwa hiyo kwa meli huchukuliwa kuba, na kwa konokono mdogo huchukuliwa bapa.

Dada wa Rau (Moshi)

Habari za humu. Mimi ni mhudumu wa afya na niliwahi kusomea tiba ya wazamiaji, kwa hiyo naomba nichangie upande wa mwili, hasa kwa sababu naona vijana wanaweza kusoma uzi huu wakavutiwa bila kujua gharama yake.

Kila mita 10 za maji ya bahari huongeza mgandamizo wa angahewa moja. Kwenye mita 40 mzamiaji anabanwa na angahewa 5, na kila pumzi yake hula hewa mara tano ya pumzi ya juu. Nitrojeni nayo huingia mwilini kwa wingi zaidi. Kuanzia mita 30 hivi huanza kulevya akili, mtu akaona kila anachorekodi ni kizuri, na wakati wa kupanda hulazimika kutoka polepole, la sivyo hugeuka mapovu kwenye damu na viungo. Kwa hewa ya kawaida, mtu akikaa mita 40 kwa zaidi ya dakika kumi hivi hawezi tena kupanda moja kwa moja. Atasimama ngazi kwa ngazi akisubiri.

Ili kupunguza ulevi huo huchanganya heliamu kwenye mtungi. Lakini heliamu husafirisha joto haraka kuliko hewa, kwa hiyo haifai kujazwa ndani ya suti kavu (vazi lisiloingiza maji), na wengine hubeba kichupa cha argoni kwa kazi hiyo peke yake. Baridi ina hatari nyingine isiyoonekana: mzamiaji aliyekuwa na joto akifanya kazi chini, kisha akapoa akiwa amening'inia kwenye vituo vya kupandia, mishipa ya mikono na miguu yake hubana na nitrojeni hutoka taratibu kuliko jedwali linavyodhani. Yaani baridi humpata vibaya zaidi wakati ule ambao yeye anadhani kazi imekwisha.

Sasa niseme linalotuhusu watu wa huku. Moshi iko mita 800 na zaidi juu ya usawa wa bahari, na Arusha iko kwenye mita 1,400 hivi. Mzamiaji akitoka Tanga alasiri, akapita Segera, Korogwe, Mombo na Same, usiku huo huo akalala Arusha, mwili wake umepungukiwa na mgandamizo kama aliyepanda ndege. Miongozo ya kusafiri kwa ndege baada ya kuzamia hutaka mapumziko ya angalau saa 12 baada ya uzamiaji mmoja usiohitaji vituo, saa 18 baada ya uzamiaji wa kurudiarudia, na zaidi ya hapo ikiwa ulihitaji vituo. Nayo huhesabu kuanzia mwinuko wa mita 600 hivi. Basi la Arusha halina tofauti na ndege katika hesabu hiyo. Lala Tanga. Na wale wanaotaka kujifunzia Ziwa Chala, lililo karibu mita 900 juu ya bahari, wajue kwamba majedwali ya baharini hayatumiki pale bila kurekebishwa.

Mdigo wa Pasua (Moshi)

Mleta mada, umesema jambo hili linatuhusu lakini hujaeleza kwa nini. Mimi ni mzaliwa wa Tanga ninayeishi Moshi, naomba nikusaidie.

Kwetu yuko silikanti. Dunia nzima iliamini kuwa samaki wa ukoo huo walikwisha pamoja na mijusi wakubwa wa kale, hadi Desemba 1938 aliponaswa mmoja Afrika Kusini na kutambuliwa na Marjorie Courtenay-Latimer, mtunza makumbusho. Wa pili hakupatikana hadi mwaka 1952, Komoro. Nchini mwetu alinaswa Songo Mnara mwaka 2003, na kuanzia mwaka uliofuata wavuvi wa Tanga wakaanza kuwatoa mmoja baada ya mwingine, kwa sababu jarife, yaani nyavu za papa, zilikuwa zinashushwa kwenye kina kirefu kuliko zamani. Mwaka 2009 Hifadhi ya Bahari ya Silikanti Tanga ikatangazwa.

Niliwahi kumwona mmoja ufukweni akiwa ameshakufa. Magamba yake ni makubwa na yanakwaruza mkono, mapezi yake yamesimama kwenye vikonyo vyenye nyama, na mwili wa buluu iliyopauka una madoa meupe yasiyo na mpangilio. Wavuvi hawakumtaka, nyama yake ina mafuta na haina soko. Akiletwa juu kwenye maji ya moto yenye oksijeni kidogo haishi, hata ukimkata kwenye jarife mara moja. Watu husema bahari ya Tanga ni ya joto, na ni kweli juu. Lakini kwenye mita 100 na zaidi, kwenye mapango anayolala mchana, ni baridi, na yeye hupendelea maji ya nyuzi 15 hadi 20 hivi. Huo ndio mwamba wetu wa kina wenye maji baridi, ulio karibu nasi watu wa Moshi.

Kijana wa Sakina (Arusha)

Wakuu, shikamooni. Basi mimi naomba kutofautiana na mleta mada. Ikiwa silikanti yuko kwetu, kwa nini tukae juu ya boti tukitazama skrini? Mwaka 2000 wazamiaji walimkuta Sodwana, Afrika Kusini, kwenye mita 104, wakiwa na mitungi yao mgongoni. Mwaka 2013 mpigapicha Mfaransa Laurent Ballesta na wenzake walishuka huko huko kwa vifaa vya kupumulia vinavyosafisha pumzi na kuirudisha, visivyotoa mapovu, wakaogelea kando yake wakimrekodi. Picha ya mtu aliye kando ya samaki yule ina uzito ambao roboti haina. Mimi nimeanza mafunzo ya uzamiaji na ningependa siku moja nifike.

LenziYaKibo

Ndugu Mdigo, umenisemea, nashukuru.

Kijana wangu, hamu yako naiheshimu, na vifaa vile vya kurudisha pumzi ni maendeleo makubwa kwa kazi yetu: mapovu ya mtungi wa kawaida hupiga kelele na kuwafukuza samaki, wakati mzamiaji aliye kimya husogelewa nao. Lakini uieleze habari ya Sodwana yote. Wiki chache baada ya kumwona mara ya kwanza, timu ile ilirudi na kamera, ikampata na kumrekodi, na mmoja wa wapigapicha wake alifariki baada ya kupanda juu. Kwenye mita 104 walikuwa na dakika chache mno za kukaa chini, na kila dakika ililipiwa kwa muda mrefu wa kusubiri njiani kupanda. Timu ya Ballesta ilikuwa ya watu waliofanya kazi hiyo maisha yao yote, wakiwa na madaktari na wanasayansi nyuma yao.

Upande wa pili, tazama waliowahi kukaa na silikanti kwa muda wa kutosha kujifunza kitu. Mwanasayansi Mjerumani Hans Fricke alimrekodi kwa mara ya kwanza akiwa kwenye makazi yake mwaka 1987, Komoro, kutoka ndani ya nyambizi ndogo. Kwa kuwa nyambizi ilivumilia saa nyingi, ndipo ilipojulikana kwamba mchana hulala pangoni pamoja na wenzake, usiku hutoka kuwinda akiachia mkondo umchukue, na mara nyingine husimama kichwa chini mkia juu. Wajapani wa Aquamarine Fukushima, jumba la maonyesho ya viumbe wa baharini, walishusha roboti mbele ya Tanga mwaka 2007 wakawapata wakiwa hai. Hakuna hata mmoja wao aliyehitaji kuhesabu nitrojeni.

Ipo pia hoja ya samaki mwenyewe. Jicho la silikanti lina utando wa nyuma unaorudisha mwanga, kama la paka, na limezoea buluu hafifu sana. Taa kali ya filamu mbele ya jicho hilo ni usumbufu mkubwa, na mnyama anayeweza kuishi karibu karne moja na kubeba mimba miaka mitano, kama utafiti wa magamba yake uliotolewa mwaka 2021 ulivyoonyesha, hapaswi kufukuzwa pangoni kwa ajili ya picha yetu. Viumbe wengi wa kina hawaioni nyekundu. Mwanasayansi wa bahari Edith Widder alitumia mwanga mwekundu na kamera iliyoachwa ining'inie kimya, bila injini wala watu, na ndivyo ngisi jitu alivyorekodiwa mwaka 2012 katika bahari iliyo kusini mwa Japani akiwa kwenye makazi yake. Kasoro yake ni ile niliyoitaja mwanzo: nyekundu hunyonywa haraka, kwa hiyo kamera ya namna hiyo huona karibu tu. Inabidi iwekwe mahali sahihi, na mahali sahihi wanapajua wavuvi.

Ndiyo maana nasema kazi ya Tanga si ya kuanza na mitungi. Ni ya kuanza na watu wa jarife, wanaojua ni kona ipi ya mwamba imewahi kutoa silikanti na kwa majira gani, kisha roboti ndogo inayoongozwa kwa kebo, yenye taa hafifu zinazoweza kupunguzwa, na vielekezi viwili vya leza vilivyofungwa kwa umbali wa sentimita 10 ili kila picha ioneshe ukubwa wa samaki bila kumshika. Madoa meupe aliyoyataja Mdigo hayafanani kwa samaki wawili, kwa hiyo video safi ya ubavu mmoja inatosha kumtambua yule yule akionekana tena baada ya miaka. Hapo mpigapicha wa Arusha anakuwa ameacha kumbukumbu ya kila samaki, na hiyo ina thamani kuliko dakika mbili za mtu akipunga mkono kando ya samaki.

Kijana wa Sakina

Nimekuelewa Mkuu. Bado ninataka kuzamia, lakini naona kwamba kwa silikanti kamera itangulie. Je, kebo haitanaswa kwenye nyavu zilizoachwa chini?

Mdigo wa Pasua

Itanaswa, tena kwa urahisi. Jarife iliyokatika husimama majini kama ilivyotegwa, na kwenye giza roboti haiioni mpaka imeshaingia. Wavuvi wanajua ni wapi walipoteza nyavu zao, kwa hiyo waulizwe kabla ya kushusha chochote, na roboti ikaribie mwamba ikitokea upande ambao mkondo unakwenda, si unakotoka, ili injini ikizimika mkondo uitoe nje na usiisukume pangoni.

Dereva wa Njiro

Mkuu, mimi sasa nimeelewa kwa nini wageni huweka fedha huko. Mtu anayetaka kuanza, akiwa hapa Arusha na hana fedha za roboti, aanzie wapi?

LenziYaKibo

Kaka, aanze na taa na kasha, kwenye bwawa la kuogelea, usiku. Aweke kitambaa chekundu, cha machungwa na cha buluu kwenye sakafu ya bwawa, arekodi kwa taa zikiwa karibu na lenzi, kisha kwa taa zilizosogezwa mbali pembeni, kisha kwa umbali wa mita 1, 2 na 3. Achote maji ya bwawa kwenye ndoo, ayachanganye na udongo kidogo, ayamwage mbele ya lenzi, arudie. Mafunzo hayo hayana gharama ya boti, na atajifunza humo robo tatu ya kile nilichokiona Orkney.

Baada ya hapo, kwa Tanga, barua ya kwanza iende kwa Hifadhi za Bahari na Maeneo Tengefu, kwa sababu hakuna kamera inayoshushwa ndani ya hifadhi bila kibali, na barua ieleze aina ya taa, kina, na nani atakabidhiwa nakala ya video. Mdigo, ukikubali kutukutanisha na wavuvi wa kwenu, niandikie. Dada wa Rau, tafadhali andika ratiba ya kupumzika kabla ya kupanda basi la kurudi, kwa ajili ya watakaozamia miamba ya juu wakati roboti inafanya kazi chini. Mimi nitaweka hapa vipimo vya taa tatu nilizozijaribu kwenye maji ya barafu, pamoja na muda ambao kila moja ilidumu.